Taa ya Sultani, Maji ya Ruiru

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ikiwa imepita kwa dakika mbili tu, manowari za Uingereza zilizotia nanga mbele ya mji wa Unguja zilianza kulipiga mizinga jumba la Sultani. Siku mbili kabla ya hapo Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kukalia kiti bila kungoja ridhaa ya Waingereza. Dakika arobaini hivi zilitosha. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, Hamoud bin Muhammed akawekwa mahali pake, na upande wa jumba ukahesabu watu wapatao 500 waliouawa au kujeruhiwa. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja.

Vita hivyo vimeandikwa sana kwa sababu ya ufupi wake. Kilichoandikwa kidogo ni habari za mnara uliosimama mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, karibu kabisa na maji. Ulikuwa mnara wa taa na wa saa kwa pamoja. Mchana watu wa mjini walitazama saa yake. Usiku taa zake, zilizopangwa safu juu ya safu, ziliwaonyesha manahodha bandari ilipo. Mabaharia wa Kiingereza waliuita mti wa Krismasi wa Sultani kwa ajili ya safu hizo. Mizinga ya siku ile iliuharibu vibaya, ukabomolewa usijengwe tena, na mji ukapata mnara mwingine wa saa uliojengwa mwaka 1897 kwenye uso wa Beit al-Ajaib.

Kitabu hiki kinahusu Thika na Ruiru, miji ya bara iliyo mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, na msomaji ana haki ya kuuliza mnara wa Unguja umeingiaje humu. Umeingia kwa njia ya waya. Historia ya stima ya Kenya haikuanzia Nairobi. Ilianzia bandarini, kwa Sultani aliyetaka jumba lake na ukingo wa mji wake ung'ae usiku, na ilipopanda bara ikapata makao yake kwenye mito ya Ruiru na Thika. Tangu hapo miji hii miwili imefanya kazi ileile ya mnara wa taa: kuwaka kwa faida ya walio mbali. Naamini hakuna sehemu ya historia yetu iliyosahauliwa kirahisi hivi, na ndiyo maana nimeamua kuieleza tangu mwanzo wake.

Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Alipokuwa kijana alijaribu kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliuona mji wa bandari unaoendeshwa kwa mashine. Aliporudi na hatimaye kushika kiti, mambo mengi aliyoyaanzisha Unguja yalikuwa ya namna hiyo: maji ya mfereji kutoka chemchemi hadi mjini, meli zake mwenyewe za moshi, na mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib, linalotajwa kuwa jengo la kwanza mjini kuwekwa taa za umeme. Kumbukumbu za kampuni ya umeme ya Kenya huanza hesabu nyuma zaidi, mwaka 1875, Barghash alipopata jenereta ya kumulika jumba na mitaa ya jirani. Dainamo ya Zénobe Gramme, ya kwanza kuzalisha umeme wa kutosha kwa kazi za kila siku, ilikuwa imeonekana Ulaya mwaka 1871. Kwa kipimo chochote, Unguja haikuchelewa.

Haifai kusema hayo bila kusema fedha zilitoka wapi. Mji ule ulishiba karafuu zilizolimwa na watumwa na pembe zilizobebwa na wapagazi kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, lakini mashamba yaliendelea kutegemea jasho lilelile kwa miaka mingi baadaye. Upande wetu wa bara, misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe Mombasa tangu zamani, kutoka nyanda zinazoanza pale Thika inapoishia. Pembe zilitangulia kushuka. Taa zilipanda baadaye.

Kwa nini bandari ya zamani kama Unguja, iliyopokea majahazi kwa karne nyingi bila mnara, ikahitaji taa wakati ule? Jahazi lilikwenda na pepo. Lilishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, likarudi na kusi, na nahodha aliyekaribia miamba jua linapozama alishusha tanga na kungoja alfajiri. Kungoja hakukumgharimu sana. Meli ya moshi ilikuwa na hesabu nyingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza safari za kawaida kati ya Aden na Zanzibar. Meli ya namna hiyo ina ratiba, ina makaa yanayoungua hata ikiwa imesimama, na ina abiria waliolipa kufika siku fulani. Usiku mmoja wa kuelea nje ya miamba ni hasara. Ndipo minara ikaanza kuota: Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mwaka 1886, Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji, mwaka 1904. Chumbe palijengwa hata msikiti mdogo kwa ajili ya mlinzi wa taa na jamaa zake, na msikiti huo bado upo.

Mombasa nayo ina taa zake za Ras Serani, pale ambapo wenyeji huenda jioni kula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu huku meli za makontena zikipita karibu kiasi cha kuweza kusoma jina ubavuni. Wenyeji hupaita Lighthouse, na hata baada ya eneo zima kutengenezwa upya na kufanyiwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019 kwa jina la Mama Ngina Waterfront, jina la zamani halijafa. Taa za namna ile hufanya kazi mbili mbili. Moja huwekwa mbele, karibu na maji. Nyingine nyuma yake, juu zaidi. Rubani anayeiingiza meli kutoka bahari kuu huzitazama zote mbili. Zikiwa zimepandana, moja juu ya nyingine, yumo katikati ya mlango wa mwamba. Ya chini ikionekana kuhamia kushoto au kulia ya mwenzake, ameanza kutoka kwenye njia. Hakuna ujumbe mwingine, wala hauhitajiki.

Watu wengi hudhani umeme ulibuniwa kwa ajili ya nyumba, kisha minara ya taa ikapewa baadaye. Mambo yalikwenda kinyume chake. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku ikizungushwa karibu na waya huzaa umeme. Miaka mitano baadaye akawa mshauri wa Trinity House, taasisi inayosimamia minara ya taa Uingereza, na ni yeye aliyekagua jaribio la Desemba 1858 pale South Foreland, juu ya miamba myeupe inayotazama Ufaransa, ambako mashine iliyozungushwa kwa mvuke iliwasha taa ya umeme kwa ajili ya meli. Balbu ya Edison ilikuwa bado miaka zaidi ya ishirini mbele. Kwa hiyo miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za umeme duniani, nje ya maabara, ilikuwa kumwongoza baharia. Taa ya sebuleni ni mdogo wa taa ya mnara, na Unguja ya Barghash ilizipata zote mbili katika kizazi kimoja.

Sasa turudi kwenye jenereta. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua ile ya Sultani na kuihamishia Mombasa, kwa Kampuni ya Umeme na Taa ya Mombasa. Tusimchanganye na Alibhai Mulla Jeevanjee, yule wa bustani ya Nairobi na gazeti la Standard, ingawa majina yao hugongana mara kwa mara. Mashine iliyonunuliwa kung'arisha jumba la kifalme ikawa mali ya kampuni inayouza umeme kwa mtu yeyote mwenye pesa za kulipa. Huo ulikuwa mgeuko mkubwa, naona, kuliko kuvuka bahari kwenyewe. Taa ya mnara haina bili. Humulika meli ya rafiki na ya adui, ya tajiri na ya mvuvi. Kuanzia Mombasa ya 1908, mwanga ukawa na mita.

Mwaka huohuo wa 1908, mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya peke yake ya kuupatia mji wa Nairobi umeme, na kutokana na haki hiyo ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka tisa tangu reli ifike. Haikuwa na bandari ya kuletea makaa kwa bei rahisi, na kuni za karibu zilikuwa zikimezwa na injini za reli. Ilichokuwa nacho, zaidi ya kilomita 20 upande wa kaskazini-mashariki, ni mto Ruiru.

Ukitaka kuelewa kwa nini Ruiru, usitazame ramani ya barabara. Tazama jinsi nchi ilivyolala. Milima ya Nyandarua inafika karibu mita 4,000, na kutoka mgongoni mwake mito hushuka kwa mstari mmoja baada ya mwingine kuelekea mashariki: Ruiru, Ndarugu, Chania, Thika. Kila mto umejichimbia bonde lake, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo mwembamba ambao zamani ulikuwa wa mbari moja, leo ni wa kahawa, majani chai na nyumba za kupangisha. Mito hiyo hushuka kwa pupa hadi kwenye usawa wa mita 1,500 hivi, pale ardhi nyekundu inapokutana na mbuga za Athi. Hapo ndipo inapovunja mwamba wa mwisho na kuanguka. Ruiru iko kwenye mstari huo. Thika iko kwenye mstari huohuo. Simama katika bustani ya hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908 vilevile, uone Chania inavyojitupa upande mmoja na Thika upande wa pili kabla ya kuungana. Sauti ya maji inakulazimisha upaze ya kwako, na mwezi wa Aprili ukungu wa matone unafika hadi kwenye meza.

Mitambo midogo ya mito ya aina hii haikuhitaji bwawa kubwa. Huanza na ukuta mfupi wa mawe uliokatiza mto, si wa kuhifadhi maji, ni wa kuyageuza tu. Maji yaliyogeuzwa hupita kwenye chujio la vyuma linalozuia majani na magogo, kisha huingia mfereji uliochongwa ubavuni mwa bonde. Mfereji huo una mteremko mdogo sana. Ukitembea kando yake utadhani maji yamelala, ilhali chini kwenye bonde mto wenyewe unazidi kushuka, na kila hatua unayopiga inaongeza tofauti kati ya mfereji na mto. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wote. Inapokuwa ya kutosha, maji huingizwa katika bomba la chuma lililolazwa kwenye mteremko mkali na kuachiwa yateremke hadi nyumba ya mtambo, ambako huyapiga mapanga ya gurudumu na kulizungusha. Gurudumu linaizungusha jenereta. Maji yanatoka upande wa pili, yamechoka, yanarudi mtoni, na mkulima aliye chini anayachota bila kujua yamepitia wapi.

Kilichobaki ni kusafirisha. Umeme ukisukumwa kwa nguvu ndogo kwenye waya mrefu, sehemu kubwa hupotea njiani kwa joto; ndiyo maana transfoma huupandisha volteji kabla haujaondoka na nyingine kuushusha unapofika. Bila ujanja huo wa transfoma mto Ruiru ungemulika Ruiru tu. Kwa sababu ya ujanja huo uliimulika Nairobi.

Na hapo pana jambo ambalo sipendi kulipita haraka. Waya ule ulitoka katika ardhi iliyokuwa imechukuliwa. Mashamba ya kahawa na mkonge yalikuwa yakipimwa kutoka Ruiru hadi Thika na kuvuka. Wenyeji walikuwa wakigeuzwa maskwota katika migongo ya babu zao. Na reli ndogo ya Thika, iliyokamilika mwaka 1913 ikiitwa rasmi tramu, ilijengwa kuhudumia mashamba hayo. Umeme ulikwenda kwa walioyamiliki na kwa mji wao. Mwanga ulipita juu ya vichwa vya watu ambao usiku wao uliendelea kuwa wa moto wa mafiga.

Mwaka 1922 kampuni mbili, ya Mombasa na ya Nairobi, ziliunganishwa na kuwa East African Power and Lighting. Ni hapa ambapo urithi wa jenereta ya Barghash na ule wa maji ya Ruiru ulipoingia katika daftari moja. Kampuni hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1983 kuwa Kenya Power and Lighting, na tangu 2011 hujiita Kenya Power. Anayenunua tokeni leo kwa simu pale Githurai au Makongeni analipa kwa mrithi wa moja kwa moja wa kampuni zile mbili.

Lakini 1922 kwa watu wa sehemu hizi hukumbukwa kwa jambo jingine. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, mwendo mfupi kutoka Ruiru, alikuwa mwendesha simu katika ofisi ya hazina Nairobi. Alisimama kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara ya wafanyakazi. Alikamatwa Machi mwaka huo, na tarehe 16 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume kwa maneno na kwa kupandisha vazi lake, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Waliokuwapo walihesabu vingi zaidi. Sijui kuziweka habari hizi mbili mbalimbali. Mji ulioangazwa na mto wa Ruiru ulimuua binti wa migongo ileile, mwaka uleule ambao wenye umeme walikuwa wakiunganisha hisa zao.

Miaka mitatu baadaye, 1925, zamu ya Thika ikaja. Mtambo wa Ndula ulijengwa kwenye mto Thika, mashariki mwa mji, ukiwa na uwezo wa megawati 2. Kwa hesabu za leo ni kidogo mno. Mtambo wa Gitaru peke yake kule kwenye mto Tana una uwezo wa megawati 225. Lakini mwaka 1925 megawati 2 zilikuwa kitu kikubwa kwa mji kama Nairobi, na Ndula ikaendelea kufanya kazi kwa miongo mingi, ikapita ukoloni, ikapita uhuru, na ikaishia katika mikono ya KenGen, kampuni ya uzalishaji iliyotenganishwa na ile ya usambazaji mwaka 1997.

Mwaka mmoja baada ya Ndula kuwashwa, mnara wa Chumbe uligeuzwa kutumia gesi. Mfumo uliotumika ulikuwa wa Mswidi Gustaf Dalén, aliyebuni vali inayohisi jua: kukipambazuka inafunga gesi yenyewe, kukiingia giza inaifungua, na kijiwasho kidogo kinachowaka daima kinaushika moto. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule mlipuko ulipompofusha macho. Kwa kazi yake, mlinzi wa taa aliyekuwa akipanda ngazi kila jioni hakuhitajika tena kama zamani. Ndula ilikwenda njia tofauti. Mtambo wa maji, hata mdogo, ulitaka watu usiku na mchana: wa kusafisha chujio, wa kutia mafuta, wa kusikiliza mlio wa gurudumu na kujua kwa sikio kwamba mzigo umebadilika. Pale ambapo bahari ilikuwa ikiwaachisha kazi walinzi wake wa mwanga, mto Thika ulikuwa unaajiri wa kwake.

Baada ya hapo mambo yaliharakisha, nami nitapita haraka. Mitambo midogo ilifuata kwenye mito ya jirani, Mesco, Wanjii, Tana, Sagana. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, na mwaka huohuo ikaundwa Kenya Power Company kwa ajili ya kujenga njia ya umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Uganda ikaanza kuimulika Kenya kabla ya muongo kwisha. Kisha serikali huru ikaugeukia mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988.

Jambo moja tu katika msururu huo wa mabwawa lanifanya nisimame. Mto Thika unaingia Tana katika eneo la Masinga. Maana yake tone lililoanguka Nyandarua, likapita chini ya daraja la Thika na kuizungusha Ndula, halikuwa limemaliza kazi. Lilishuka likazungusha Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, na ndipo likaachiwa kuelekea Garissa na Hola hadi baharini karibu na Kipini. Mto Ruiru una njia yake nyingine: unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga udongo mwekundu wa Kiambu baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Wavuvi wa Malindi wanaoyaona maji yakigeuka rangi ya matofali kila masika wanatazama mashamba yetu. Kwa hiyo miji hii miwili iliyo umbali wa mwendo wa nusu saa tu inapakana na bahari katika sehemu mbili tofauti.

Na bado maji yanatozwa zaidi. Mwaka 1994 bwawa la Ndakaini lilikamilika Gatanga, juu kabisa kwenye mto Thika, na hadi leo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Nairobi. Mto uliotoa mwanga ukaombwa utoe na kinywaji. Kila ukame unapoingia na magazeti ya Nairobi kuanza kuchapisha picha za ukingo wa Ndakaini uliopasuka, nakumbuka kwamba kuna vijiji vya Gatanga vinavyochota maji kwa ndoo wakati bomba la jiji linapita kando yao. Hadithi ya waya imejirudia kwa bomba.

Umeme kwa vijiji ulichelewa sana. Mpango wa kusambaza umeme mashambani ulianza mwaka 1973, miaka 65 baada ya haki ya Hirtzel. Mamlaka maalumu ya kazi hiyo iliundwa baada ya sheria ya nishati ya mwaka 2006. Ni katika muongo wa 2010, kwa miradi ya kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, ndipo Wakenya wengi zaidi walipopata stima kuliko waliokosa. Nawajua watu wa rika langu waliosoma kwa koroboi katika nyumba ambazo nguzo za chuma zilikuwa zimesimama shambani mwao, nyaya zikivuma usiku kucha. Watu hao hawakuwa mbali na umeme. Walikuwa chini yake.

Ruiru ya leo ni mji mwingine kabisa. Sensa ya 2019 iliukuta na watu karibu laki tano, wengi wao waliofika baada ya barabara kuu ya Thika kufunguliwa mwaka 2012 na mashamba ya kahawa kukatwa viwanja. Ukitoka Nairobi usiku kwa matatu, taa zinakusindikiza bila kukatika: Roysambu, Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja, hadi Thika yenyewe, ambako tangu miaka ya 2010 kuna hata mtambo mkubwa wa umeme wa mafuta. Vijana waliozaliwa katikati ya taa hizo wanajua mahali pa kupata wifi ya bure katika kila duka kubwa la Thika Road. Ukiwauliza mto Ruiru uko wapi, wengi watakuonyesha daraja wanalolipita bila kulitazama, na takataka zilizonasa kwenye nguzo zake.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la zamani kutangazwa kuwa turathi na kulindwa. Imetumika kulinda boma, msikiti, nyumba ya mlowezi, kituo cha reli. Naomba itumike pia kwa nyumba za mitambo, mifereji na kuta za kugeuzia maji. Unguja imetuonyesha kinachotokea wengine wakichelewa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wa saa wa mwaka 1897, iliporomoka na kuua watu wawili, katika mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na uliokuwa na wataalamu, ramani na wafadhili. Mtambo wa kando ya mto usio na jina katika kitabu chochote cha watalii hauhitaji mizinga wala mvua kubwa ili upotee. Unahitaji mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu mwenye lori.

Kaunti ya Kiambu inaweza kuanza na mambo yasiyogharimu pesa nyingi. Ipige picha kila ukuta na kila mfereji uliobaki kwenye mito hii. Ikubaliane na KenGen kuhusu daftari za zamu za zamani, kama zile za Ndula, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa chuo cha Juja anaweza kuzisoma. Ibandike kibao pale Ruiru kinachosema kwamba hapa ndipo Nairobi ilipopata mwanga wake.

Nawe, ikiwa babu au baba yako alifanya kazi kwenye mtambo wowote wa mito hii, nenda ukamwone kabla ya mwaka huu kwisha. Mwulize zamu ya usiku iligawanywaje. Mwulize walifanya nini mvua za Aprili zilipojaza chujio kwa migomba na mizoga, nani aliyeingia majini, na alilipwa nini. Mwulize waya ulipokatika walitembea hadi wapi kuutafuta, na kama nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na taa. Andika jina lake, jina la mtambo na miaka aliyofanya kazi, kwa sababu kumbukumbu za kampuni zimehifadhi majina ya Barghash, Jeevanjee na Hirtzel, na la kwake halimo.